Asili ya Jumuiya ya Qumran

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanachama, walimu, na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita.)



 Kamati iliniomba nizungumze juu ya jambo lo lote la historia, mradi lisiwe la ofisini kwangu. Agizo hilo nimelitii nusu tu. Nimechagua jambo la kale sana, tena la nchi ya mbali. Lakini nitalieleza kama mtumishi wa serikali anavyosoma jalada: nani ameandika, amemwandikia nani, lini, na kwa sababu gani. Miaka yangu katika utumishi imenifundisha kwamba ugomvi hauwezi kueleweka kwa kusoma karatasi ya juu peke yake. Karatasi ya juu ndiyo yenye hasira. Sharti ufunue mpaka chini, uitafute barua ya kwanza.

Jambo lenyewe ni hili. Ile jumuiya ya Kiyahudi iliyoishi Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, ambayo maandishi yake yaliokotwa mapangoni, ilianzaje? Watu wale walitoka wapi, na ni nini kilichowatenga na ndugu zao?

Kwanza nieleze jinsi jalada lenyewe lilivyopatikana. Mwishoni mwa 1946 au mwanzoni mwa 1947, wachungaji vijana wa kabila la Ta'amireh, Waarabu wa jangwa la Yudea, waliingia katika pango moja kwenye magenge yaliyo upande wa kaskazini-magharibi wa Bahari ya Chumvi. Humo walikuta mitungi mirefu ya udongo yenye vifuniko, na magombo ya ngozi yaliyofungwa kwa kitani. Magombo saba ya kwanza yalipita mikononi mwa wachuuzi wa Bethlehemu. Matatu yalinunuliwa na Profesa Eleazar Sukenik wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Yerusalemu. Manne yalinunuliwa na Askofu Mkuu Samuel wa Kanisa la Washami, ambaye aliyapeleka Marekani, na mwaka 1954 akayatangaza gazetini kwamba yanauzwa, kama mtu anavyotangaza gari au kiwanja. Yigael Yadin, mtoto wa Sukenik, aliyanunua kwa kupitia wakala, kwa bei ya dola 250,000, yakarudi Yerusalemu.

Hadi 1956 mapango 11 yalikuwa yamepatikana, na ndani yake mabaki ya magombo zaidi ya 900. Mengi yameandikwa kwa Kiebrania, mengine kwa Kiaramu, na machache kwa Kiyunani. Pango la nne, lililogunduliwa mwaka 1952, peke yake lilitoa vipande vipatavyo 15,000, vingine si vikubwa kuliko ukucha. Vipande hivyo vilikabidhiwa kikundi kidogo cha wataalamu. Kazi yao ilikuwa ngumu kweli kweli, lakini pia walivishika kwa mkono mmoja muda mrefu mno. Mpaka mwaka 1991 mtafiti wa kawaida hakuweza kuviona. Mwaka huo ndipo maktaba ya Huntington, huko California, ilipofungua picha ilizokuwa nazo kwa mtafiti ye yote. Ni karibu miaka 40! Sisi wa masjala tunajua matokeo yake: jalada likikaa mno katika droo la mtu mmoja, uvumi huchukua nafasi ya habari. Ikasemwa kwamba mle mna siri ya kuangusha dini. Magombo yamekwisha kuchapishwa, na siri hiyo haikuonekana. Kilichoonekana ni habari za watu waliogombana na ndugu zao, wakahama.

Karibu na mapango hayo pana magofu yaitwayo Khirbet Qumran. Padre Roland de Vaux, Mfaransa, aliyachimbua kati ya 1951 na 1956. Alikuta ukumbi wa chakula, stoo iliyojaa vyombo vya udongo zaidi ya elfu moja, vidau vya wino, mabirika mengi ya kujitakasia kwa maji, na uwanja wa makaburi yapatayo 1,100. Askari wa Kirumi walipaharibu mahali hapo mwaka 68 baada ya Kristo.

Je, walikuwa nani? Waandishi watatu wa zamani wametaja madhehebu ya Kiyahudi walioitwa Waesene. Philo wa Alexandria na Josephus wote wawili wasema walikuwa zaidi ya 4,000. Pliny, Mrumi aliyekufa mwaka 79, aeleza kwamba waliishi upande wa magharibi wa Bahari ya Chumvi bila wanawake na bila fedha, majirani zao wakiwa mitende. Josephus aongeza kwamba mtu hakupokelewa mara moja. Alijaribiwa mwaka mmoja, kisha miaka miwili zaidi. Asema pia kwamba walikuwako Waesene wa aina nyingine waliooa. Basi, kwa kuwa mahali panalingana na desturi zinafanana, wataalamu walio wengi husema watu wa Qumran walikuwa Waesene, au tawi la Waesene. Hata hivyo tuandike pembeni kwamba jina hilo halipatikani katika gombo lo lote. Wao wenyewe walijiita Jumuiya, au Wana wa Nuru, au Wana wa Sadoki, yaani wa ukoo wa yule kuhani wa wakati wa mfalme Sulemani.

Sasa tusome karatasi za jalada, tukianzia juu.

Gombo moja la pango la kwanza ni ufafanuzi wa kitabu cha Nabii Habakuki. Mwandishi achukua maneno ya nabii, na kila sentensi aitafsiri kuwa ni habari za siku za jumuiya yake. Humo tunakutana na watu watatu wasiotajwa majina. Wa kwanza ni Mwalimu wa Haki, kuhani ambaye Mungu alimfunulia maana ya maneno ya manabii. Wa pili ni Mtu wa Uongo, aliyewapotosha wengi. Wa tatu ni Kuhani Mwovu. Huyu, yasema gombo, mwanzoni alikuwa na sifa njema, lakini alipotawala Israeli moyo wake ukapanda juu, akamwacha Mungu kwa ajili ya mali, akawaibia maskini. Tena alimfuata Mwalimu wa Haki mpaka mahali alipohamia, siku ile ile ya Upatanisho, siku ya mfungo wao, ili awasumbue na kuwaangusha. Mwisho akatiwa mikononi mwa adui zake.

Hiyo, ndugu zangu, ndiyo karatasi ya juu. Wema wote upande mmoja, uovu wote upande wa pili. Mwenye cheo chochote aliyewahi kupokea malalamiko ya wafanyakazi atakuwa ameitambua sauti hiyo.

Karatasi ya pili tunaiita Hati ya Damasko. Ajabu yake ni kwamba ilijulikana kabla ya mapango. Solomon Schechter aliikuta katika ghala ya karatasi chakavu ya sinagogi moja la Cairo, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, akaichapisha mwaka 1910. Baadaye nakala zake zikaonekana katika mapango ya Qumran, hivyo ikajulikana kwamba ni mali yao. Hati hii yatoa hesabu ya mwanzo wao. Yasema kwamba miaka 390 baada ya Waisraeli kutiwa mkononi mwa Nebukadneza, Mungu alichipusha shina jipya. Watu hao walitambua kwamba wamekosa, lakini kwa miaka 20 walikuwa kama vipofu wanaopapasa njia. Ndipo Mungu akawaletea Mwalimu wa Haki.

Mwanafunzi wa hesabu atasema: rahisi! Yerusalemu ilianguka karibu na mwaka 586 kabla ya Kristo. Toa 390, wapata 196. Toa 20, wapata 176. Basi Mwalimu alitokea mwaka 176 kabla ya Kristo. Lakini pole pole. Ile 390 ni hesabu ya Nabii Ezekieli, aliyeamriwa kulala ubavuni siku 390 kwa ajili ya uovu wa Israeli, siku moja kwa mwaka mmoja. Mwandishi hakuwa akihesabu kama karani. Alikuwa akisema kwamba unabii umetimia. Hesabu hiyo hatuwezi kuitupa, lakini wala hatuwezi kuitia sahihi.

Hata hivyo, karne ya pili kabla ya Kristo ilikuwa kweli wakati wa mtikisiko. Mwaka 175 mfalme Antioko wa Nne alimwondoa Kuhani Mkuu Onia, akampa cheo hicho nduguye, Yasoni, aliyetoa fedha zaidi. Miaka mitatu baadaye Menelao akatoa zaidi ya Yasoni, akakipata yeye. Cheo kitakatifu kuliko vyote kikawa kama mnada. Mwaka 167 Hekalu likanajisiwa. Yuda Makabayo na ndugu zake wakapigana, na mwaka 164 wakalitakasa. Mwana wa Onia hakungoja: alikwenda Misri, akajenga hekalu lingine huko Leontopolis. Huyo naye alijitenga, ila kwa njia yake.

Kisha, tangu mwaka 159 mpaka 152, Kuhani Mkuu hatajwi katika habari zilizotufikia. Ndipo Yonathani, ndugu yake Yuda, alipopewa ukuhani mkuu na Alexander Balas, aliyekuwa akigombea ufalme wa Shamu, akayavaa mavazi matakatifu katika Sikukuu ya Vibanda. Alikuwa wa ukoo wa makuhani, lakini hakutoka katika nyumba iliyokuwa ikirithi cheo hicho. Miaka kama kumi hivi baadaye alinaswa kwa hila na jemadari Trifo, akauawa. Mnaona jinsi inavyoingiana? Shujaa mwenye sifa mwanzoni, akatawala, akafa mikononi mwa adui. Kwa hiyo wataalamu wakubwa wa kizazi kilichopita, kama Geza Vermes na J. T. Milik, walisema Kuhani Mwovu ni Yonathani. Frank Moore Cross akasema ni nduguye Simoni, aliyemfuata. Na sababu ya ugomvi, wengi wakaeleza, ni kwamba wana wa Sadoki walikasirika kunyang'anywa cheo chao.

Maelezo haya yalifundishwa kwa miaka mingi, na bado mtayakuta katika vitabu. Ni mazuri, yanaeleweka, na yana shujaa na mwovu. Lakini yana upungufu, nami nitautaja.

Kwanza, gombo la Habakuki lamlaumu Kuhani Mwovu kwa kiburi, mali na kunajisi Hekalu. Halimlaumu hata mara moja kwa kuwa wa ukoo usiostahili. Kama cheo cha kurithi ndicho kilichokuwa kisa, mbona mlalamikaji hakitaji? Pili, watu wanaotajwa waziwazi kwa majina katika magombo, kama vile malkia Salome Alexandra na Mrumi Aemilius, ni wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, wala si wa siku za Yonathani. Kwa sababu hii John Collins, katika kitabu chake cha mwaka 2010, amependelea kumweka Mwalimu wa Haki katika karne hiyo ya kwanza. Tatu, Jodi Magness ameyapima upya matokeo ya de Vaux, akaona kwamba makao ya Qumran hayakuanza mpaka nusu ya kwanza ya karne hiyo hiyo. Kanuni zao zenyewe zataja vikundi vya watu kumi kumi mahali mbalimbali, na Hati ya Damasko yataja kambi zenye wake na watoto. Basi Qumran haikuwa mahali pa kuzaliwa jumuiya. Ilikuwa mojawapo ya nyumba zake, tena iliyojengwa watu wakiwa wamekwisha kujitenga.

Hivyo natubaki na swali letu: walijitenga kwa nini? Na hapa ndipo ninapotaka tufunue mpaka chini ya jalada.

Katika pango la nne kulikuwa na nakala sita za maandishi mamoja, zote zimechanika. Wataalamu walitangaza habari zake mwaka 1984, na Elisha Qimron na John Strugnell wakayachapa rasmi mwaka 1994. Jina walilolipa maana yake ni "Baadhi ya Matendo ya Sheria". Wengi huyasoma kama barua, ijapokuwa wapo wasemao ni insha. Ndani yake kuna pande tatu: sisi, ninyi, na wao. "Sisi" ni waandishi. "Ninyi" ni kiongozi fulani pamoja na watu wake. "Wao" ni wale ambao waandishi wanapinga mafundisho yao.

Mnatazamia nini katika barua hiyo? Labda vita, labda usaliti, labda wizi wa sadaka. Hasha! Humo mna maswali kama 20 hivi ya utaratibu. Yule kuhani anayechoma ng'ombe mwekundu ili majivu yake yatumike kutakasa watu, je, awe amengoja jua kuchwa ndipo ahesabiwe safi, au la? Ngano ya watu wa mataifa yaweza kupokelewa Hekaluni? Mbwa waruhusiwe kuingia Yerusalemu, ilhali huenda wakaguguna mifupa ya sadaka? Na hili moja, ambalo nalipenda kuliko yote: ukimimina maji kutoka mtungi safi kuingia chombo chenye unajisi, je, unajisi waweza kupanda kwa ule mkondo wa maji, ukaufikia mtungi wa juu? Waandishi wasema ndiyo, waweza. Swali hili hili limo katika Mishna, kitabu cha sheria cha marabi kilichokusanywa kama mwaka 200 baada ya Kristo. Na humo wanaoshika upande ulio mkali ni Masadukayo, wakiwapinga Mafarisayo. Kwa ajili hiyo Lawrence Schiffman amesema asili ya jumuiya hii ni makuhani wa Kisadukayo. Wengine hawakubali, lakini wote wakubali kwamba sauti tunayoisikia ni sauti ya watu waliozoea kazi ya Hekalu.

Wadogo zangu naona wanatabasamu. Watu wahamie jangwani kwa ajili ya mtungi wa maji? Lakini fikirini. Kwao Hekalu ndipo mahali ambapo Mungu alikaa kati ya watu. Utaratibu ukikosewa pale, sadaka za taifa zima ni bure, na taifa halina ulinzi. Jambo linaloonekana dogo kwa mpita njia ni kubwa kwa aliyekabidhiwa. Hesabu ya senti katika kitabu cha fedha nayo ni ndogo, hata siku mkaguzi anapofika.

Lakini nitazameni zaidi namna barua ilivyoandikwa. Waandishi wakiri kwamba wamejitenga na wingi wa watu. Hata hivyo hawamtukani kiongozi wanayemwandikia. Wamwambia kwamba wameona ana hekima na ujuzi wa Sheria. Wamwomba awakumbuke wafalme wa Israeli, hasa Daudi, aliyesamehewa. Wamalizia kwa kumtakia heri yeye na watu wake, akiona mwisho wa siku kwamba baadhi ya maneno yao ni kweli. Wanasema baadhi, hawasemi yote. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba mwandikiwa ndiye aliyekuja kuitwa Kuhani Mwovu. Hilo haliwezi kuthibitishwa. Linalothibitika ni kwamba jumuiya ile ile iliyotunza maneno ya laana ilitunza pia, katika nakala sita, maneno ya adabu.

Kati ya adabu hiyo na laana ile kuna nini? Nadhani sehemu kubwa ya jibu ni kalenda, na nakala mojawapo ya barua hiyo imetanguliwa na kalenda.

Katika maisha ya kawaida ya Wayahudi, mwezi ulianza kwa mwezi kuandama, na mwaka wa namna hiyo una siku 354, ukiongezewa mwezi mmoja kila inapohitajika. Jumuiya hii ilifuata mwaka wa siku 364. Gawanyeni kwa saba: ni majuma 52 kamili, hakuna baki. Kwa hiyo kila sikukuu huangukia siku ile ile ya juma daima. Mwaka ulianza siku ya Jumatano, kwa kuwa jua na mwezi viliumbwa siku ya nne. Na Siku ya Upatanisho ilikuwa Ijumaa kila mwaka. Ni hesabu safi sana, na kwao ilikuwa hesabu ya Mungu mwenyewe, isiyotegemea jicho la mtu.

Sisi tuliokulia katika nchi ambayo watu hungoja redioni habari za mwezi kuandama, hatuhitaji maelezo mengi. Mwezi ukionekana mahali na usionekane pengine, majirani wawili wenye imani moja huweza kuswali Idd siku mbili mbalimbali, na hata katika nyumba moja mmoja akawa amefunga na mwingine anakula. Kwetu mara nyingi jambo hilo huishia katika utani na sahani ya pilau. Lakini kwa Wayahudi wale, kula Siku ya Upatanisho ni kukatiliwa mbali na watu wako. Tena Hekalu lilikuwa moja tu, na Kuhani Mkuu mmoja. Hawezi kuingia Patakatifu pa Patakatifu siku mbili kwa ajili ya makundi mawili.

Sasa rudini kwenye ile karatasi ya juu. Gombo lasema Kuhani Mwovu alimfuata Mwalimu siku ya Upatanisho. Shemaryahu Talmon alionyesha zamani maana yake: Kuhani Mkuu hawezi kusafiri wala kuacha Hekalu siku hiyo. Basi siku hiyo ilikuwa ya Upatanisho kwa Mwalimu, lakini kwa Kuhani ilikuwa siku ya kazi. Hapo tofauti ya kalenda ilikwisha kuwa silaha mkononi. Baada ya siku kama hiyo, barua za adabu hukoma.

Wakaishi peke yao. Mwongozo wao watuonyesha maisha hayo: baraza la watu 12 na makuhani watatu, mali ya pamoja, miaka miwili ya kujaribiwa. Anayedanganya juu ya mali yake hutengwa mwaka mmoja na kupunguziwa robo ya chakula. Anayesinzia mkutanoni, siku 30. Anayetema mate mkutanoni, siku 30. Anayecheka kipumbavu kwa sauti kubwa, siku 30. Walimu wanaoninong'onezea kwamba kanuni hizo ziletwe hapa shuleni nawaomba wavumilie. Tusiwadharau watu hao. Walisoma usiku kwa zamu, walinakili vitabu kwa uangalifu mkubwa, na nakala zao za Agano la Kale zimezidi kwa umri wa miaka elfu hivi nakala za Kiebrania zilizokuwa zikitegemewa kabla ya hapo. Lakini katika maandishi yao wale walioachwa Yerusalemu walikwisha kuwa Wana wa Giza.

Kabla sijamaliza, nataka niiweke pembeni habari nyingine, kwa sababu kisa chake ni kile kile. Hekalu lilipokwisha kuteketezwa mwaka 70, wanazuoni walikutana Yavne chini ya Rabani Gamalieli wa Pili. Kama Mishna inavyosimulia, Gamalieli alikubali ushahidi wa mwezi ambao Rabi Yoshua, mwanazuoni mkubwa, aliona si wa kweli. Basi kwa hesabu ya Yoshua, Siku ya Upatanisho ilikuwa siku nyingine. Gamalieli akamwamuru aje kwake, siku ile ambayo kwa hesabu yake ni ya Upatanisho, akiwa na fimbo yake na fedha zake mkononi. Yoshua alihuzunika sana. Alishauriana na wenzake, akaona kwamba kila baraza likianza kuvunja uamuzi wa baraza lingine hakutakuwa na mwisho. Akachukua fimbo na fedha, akaenda. Gamalieli akasimama, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake kwa hekima, na mwanafunzi wake kwa kuwa amekubali neno lake.

Siku ni ile ile na ugomvi ni ule ule. Huku mkubwa alikwenda kumshambulia mdogo mahali alipohamia, na mdogo akaandika laana. Kule mkubwa aliamuru, tena kwa ukali, lakini alisimama kumpokea; na mdogo alikuja, ingawa hakubadili hesabu yake moyoni. Na kitabu kilichohifadhi habari hiyo kimehifadhi rai za pande zote mbili. Sisemi kwamba Gamalieli alikuwa na haki. Mishna yenyewe haisemi kwamba Yoshua alikosea juu ya mwezi. Wala sisemi kwamba watu wa Qumran wangalibaki. Huenda wengine kati yetu tungalitoka pamoja nao. Nasema tu kwamba kujitenga kwao hakukuandikwa tangu mwanzo. Palikuwa na wakati barua ilipokuwa mezani, imeandikwa kwa heshima, inangoja majibu. Majibu hayo hayakuonekana katika pango lo lote.

Utafiti haujaisha. Mwaka 2025 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Groningen walitoa vipimo vipya vya kaboni pamoja na uchunguzi wa mwandiko kwa kompyuta, wakasema magombo mengi yana umri mkubwa kuliko ilivyodhaniwa. Huenda tarehe nilizowapa leo zikasogezwa. Ninyi vijana mkifika Chuo Kikuu mnaweza kuwa miongoni mwa watakaozisogeza; jifunzeni lugha mapema, maana hazina hii haisomwi kwa tafsiri peke yake.

Na sisi wanachama tunaosimamia ofisi, idara na vyama, tuangalie zaidi yale maswali 20 ya utaratibu. Mtu akikuandikia kwa adabu juu ya jambo unaloliona dogo, usilifungie jalada ukasubiri lipoe. Mjibu, hata kama jibu ni hapana. Naye akija, simama umpokee.